Mkia wa Kitenzi: Tuzungumze Kuhusu "Put Off"

Msikilizaji wangu, kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue, maana leo nina neno moja tu la Kiingereza na nataka tulimalize.

Mwaka jana, jioni moja, binti wa jirani yangu alinijia na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Alikuwa amemaliza kidato cha sita. Zile karatasi zilikuwa tangazo la ufadhili wa masomo ya nje, amelichapisha steshenari ya mtaani, na sentensi moja karibu na mwisho alikuwa ameipigia mstari kwa wino mwekundu. Akaniamkia, akaketi, akasema, "Mwalimu, hii nimeiacha. Wamesema hawataki mambo ya kuahirisha, na mimi cheti cha kuzaliwa bado nakifuatilia, hakijatoka."

Nikavaa miwani, nikasoma ile iliyopigiwa mstari. Ilisema hivi: "Please do not be put off if you do not meet every requirement." Nikamuuliza tarehe ya mwisho ilikuwa lini. Ilikuwa imepita siku 9.

Sentensi ile, msikilizaji, ilikuwa inamwita. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ilikuwa inasema: tafadhali usikate tamaa eti kwa sababu kuna sharti moja au mawili hujayatimiza. Aliyeiandika alimfikiria mtu kama yeye hasa, mwenye karatasi moja iliyopungua. Yeye akaisikia kama mlango unaofungwa. Wala hakuwa mvivu. Daftari lake la Kiingereza nililiona, limefunikwa kwa gazeti vizuri, na ndani yake ameandika kwa mwandiko wa kupendeza: put off, kuahirisha. Ndivyo alivyofundishwa. Ni kweli, lakini ni nusu ya neno, na ile nusu nyingine ndiyo aliyoihitaji siku ile.

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu wakati huo, ndiyo maana leo nimelileta hapa.

Kiingereza kina vitenzi vifupifupi, put, get, take, turn, come, ambavyo vikisimama vyenyewe havisemi mengi. Nguvu yake huonekana vinapofuatwa na kineno kama off, up, out, on au down. Wenye lugha wenyewe waliliona tatizo hili zamani. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, aliandika katika utangulizi kwamba miungano ya namna hii ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko yote katika lugha yao, na kwamba yeye amejitahidi kuikusanya kwa uangalifu ili wanaojifunza wapate msaada. Karibu miaka 270 imepita na wageni bado tunahangaika. Jina linalotumika siku hizi, "phrasal verb", lilienezwa na kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Mimi naviita vitenzi vyenye mkia. Naviita hivyo kwa sababu sisi Waswahili mikia ya vitenzi tunaijua sana. Chukua funga. Badilisha mwisho wake kidogo tu na dunia inageuka: fungua, fungia, fungana, fungisha. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Vaa, vua. Hakuna mtoto anayekaa akijiuliza ile "ua" ya fungua ina maana gani ikiwa peke yake. Analijua neno zima, analitumia, basi. Ndivyo na mtoto wa Kiingereza anavyoijua put off: kwake ni neno moja. Tofauti ni kwamba mkia wetu umeshonwa kwenye kiwiliwili, na wa kwao unaning'inia. Unaweza hata kukaa mbali na kiwiliwili chake, ukatenganishwa nacho na maneno mawili matatu, na mgeni anayesoma haraka akadhani ameona maneno mawili yasiyojuana.

Yule binti off alikuwa anaijua. Iko kwenye soketi ya kwao, chini ya kitufe. Put nayo anaijua, ni kuweka. Lakini ukijumlisha weka na zima hupati kitu. Afadhali uichukue off kwa maana yake ya ndani zaidi, ya kutoka mahali na kukaa kando. Hata kwenye soketi, umeme umeachana na waya wa chombo chako.

Kuna mfano mmoja wa zamani unaonisaidia sana. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Musa anapokisogelea kijiti kinachowaka moto anaambiwa avue viatu, na kitenzi kilichotumika pale ni put off. Kuvua! Siku hizi kwa viatu na nguo wanasema take off, lakini picha ya zamani imebaki ndani ya neno: kitu kilikuwa mahali pake, kikatolewa, kikawekwa kando. Shikilia picha hiyo. Mtu anaweza kuvua kiatu. Anaweza kuivua siku shughuli yake, akaivika siku nyingine. Na mtu anaweza kuvuliwa hamu. Put off yote unayokutana nayo vitabuni na kwenye sinema imo humo.

Tuanze na siku, maana ndiyo inayojulikana.

Mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja, yalipangwa kuanza tarehe 1 Februari 2025. Katikati ya Januari shirikisho la soka la Afrika, CAF, likatangaza kwamba yatafanyika Agosti. Kweli yakachezwa kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti, timu ya Tanzania, Taifa Stars, ikafungua dimba na Burkina Faso pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikashinda 2-0, na mpaka leo mashindano yale yanaitwa CHAN 2024. Hapo Mwingereza anasema, "CHAN was put off until August." Yalivuliwa Februari, yakavikwa Agosti. Yalikuwepo muda wote.

Mashabiki wa mpira wa Tanzania wana neno ninalolipenda kuliko kuahirisha. Wanasema kiporo. Wali uliobaki jana usiku upo sufuriani, umefunikwa, asubuhi unapashwa moto unaliwa na chai. Mechi ambayo haikuchezwa siku yake ni kiporo, na timu yenye viporo viwili bado ina pointi 6 za kugombea ambazo wenzake wameshazigombea. Ukisikia put off, fikiria sufuria iliyofunikwa. Chakula kipo.

Usiichanganye na "call off". Hiyo ni kuvunja. Chukua harusi. Harusi ikiwa put off, mwenyekiti wa kamati anaendelea kukusanya michango na kadi zinabadilishwa tarehe. Harusi ikiwa called off, watu wanaulizana michango yao itarudi vipi. Familia moja inaweza kulala na furaha au na kilio kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichobadilishwa na kingine, kwa hiyo unapopeleka habari ya namna hiyo kwa Kiingereza, pima mdomo wako.

Kiswahili kina ukarimu mkubwa kwenye neno ahirisha. Bungeni Dodoma, mkutano wa Bunge unapofika mwisho, Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha Bunge. Mahakamani shahidi amesikilizwa asubuhi nzima, hakimu anaahirisha kesi hadi mwezi ujao. Neno ni lile lile. Kiingereza hapo hakisemi put off, kwa kuwa shughuli ilishaanza, kinasema "adjourn". Put off ni ya jambo ambalo bado hatujalianza.

Na hapa pana shimo ambalo niliwahi kutumbukia mwenyewe. Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele, tunamaanisha kitafanyika baadaye. Tunaitazama siku kama njia iliyo mbele yetu, na ukisogeza kitu mbele kinazidi kuwa mbali nawe. Wenye Kiingereza wakisema kikao kimekuwa "brought forward", kinawajia wao, kinakaribia. Kitafanyika mapema zaidi. Nilipokuwa kijana nilikuwa na usaili wa kazi Jumatano ya tarehe 21. Nikapigiwa simu, sauti ikaniambia, "It has been brought forward by a week." Nikashukuru kwa dhati, nikajipa siku 7 zaidi za kujiandaa, nikaazima tai, nikafika tarehe 28 asubuhi na mapema. Usaili ulikuwa umefanyika tarehe 14. Kazi ilishapata mtu. Tangu hapo, nikisikia forward au back kwenye habari ya tarehe, nauliza: tarehe ngapi? Wewe nawe uliza. Wahindi, katika Kiingereza chao, hutumia neno "prepone" kwa maana ya kuiwahisha tarehe, na mimi naona wanafanya jambo la maana sana, maana halina utata kabisa.

Sasa mkia huu unakaa wapi kwenye sentensi? Hapa naomba utulie nami, kwa sababu ndipo panapowashinda wengi na ndipo ninapoona raha.

Unaweza kusema, "They put off the meeting." Sawa. Unaweza kusema, "They put the meeting off." Sawa vilevile. Lakini mkutano ukishatajwa, ukataka kuuita kwa kifupi "it", njia inabaki moja: "They put it off." Hutamsikia Mwingereza akisema "They put off it". Wanafunzi huuliza kwa nini, na vitabu vingi hujibu kwamba ni kanuni tu, ikariri.

Jibu unalo kwenye ulimi wako tangu ulipoanza kusema. Sikiliza. Waliahirisha mkutano. Mkutano umekaa wapi? Nje, baada ya kitenzi, mzima, na uzito wake. Sasa utaje kwa kifupi. Waliuahirisha. Ile u imeingia wapi? Imeingia tumboni mwa kitenzi. Hujawahi kusema "waliahirisha u", na hata mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema hivyo. Neno zima linaweza kukaa nje. Kile kiwakilishi kidogo kinaingizwa ndani. Waliuahirisha. They put it off. U imo ndani, it imo ndani. Watu wawili walioishi mbali kabisa wamejenga nyumba zao na wote wameweka mgeni mdogo chumba cha kati. Vivyo hivyo kwa watu: waliniahirishia, put me off, walimkatisha tamaa, put him off. Kila unapotaka kutumia kiwakilishi pamoja na put off, jiulize kwenye Kiswahili kingekaa wapi, na hutakosea.

Kuna kosa jingine ambalo chanzo chake nacho ni Kiswahili chetu, safari hii kinatupoteza. Tunasema "nimeahirisha kusafiri", kisha tunaandika "I put off to travel". Ile ku- yetu inafanya kazi mbili. Nataka kusafiri, hapo ni kitendo. Kusafiri kunachosha, hapo imekuwa jina, unaweza hata kulisifu au kulilaumu. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa watu wawili, "to travel" na "travelling". Baada ya put off anakuja yule wa pili, kwa sababu unachokiweka kando lazima kiwe kitu. "I put off travelling." "She kept putting off going to the dentist." Kama ukitilia shaka kwenye put off, weka maneno "suala la" katikati. Nimeahirisha suala la kusafiri, inakubali. Basi tumia ile yenye -ing.

Na kwa kuwa tuko redioni, tusikilize sauti pia. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunavutwa kusema PU-tof, uzito mwanzoni. Wao uzito wanauweka kwenye mkia: put OFF. Tena hawaachi nafasi katikati. T ya put inarukia off, inakuwa "pu-TOF". Ukiongeza it, unasikia "pu-ti-TOF", neno moja la silabi tatu ambalo halimo kwenye kamusi yoyote. Ndiyo maana mtu aliyefaulu Kiingereza cha darasani anaweza kutazama sinema nzima asiisikie put off hata mara moja, na imesemwa mara kumi. Rudia nami kwa sauti hapo ulipo, hata kama uko jikoni: pu-ti-TOF.

Jambo la mwisho la umbo: put haibadiliki kwa wakati uliopita. Leo put, jana put. Usihangaike kuitafutia -ed.

Sasa tuje kwa mtu, kwa ile nusu ambayo haikuwemo kwenye daftari la yule binti.

Ninachotaka ukishike leo kuliko vyote ni hiki: tazama kinachofuata. Put off ikifuatwa na shughuli, mkutano, safari, mtihani, uamuzi, ni kuahirisha. Ikifuatwa na mtu, acha kufikiria tarehe kwanza. Mtu amevuliwa hamu.

"The smell put me off." Umekaa mezani, ubwabwa umepakuliwa, nazi inanukia, kisha upepo unageuka kutoka upande wa mfereji wa maji machafu. Mkono unarudi. Harufu ile imekufanya nini? Kiswahili cha vitabuni kitasema imekukinaisha, au imekuondolea hamu. Vijana wa mtaani wanasema imekukata stimu, na kwa kweli sijaona tafsiri iliyo karibu zaidi. Kulikuwa na kitu kinawaka ndani yako, kimekatwa. Waingereza wanaweza kuongeza na jina la kile ulichopoteza hamu nacho, palepale mwishoni, bila kiungo chochote: "It put me off my food." "That trip put her off boats." Safari ile ilimfanya asitake tena habari za boti.

Nina mfano mmoja ambao siusemi kwa furaha. Katika miaka yangu ya kufundisha nilimwona mvulana akisimama kusoma kwa sauti, akatamka neno vibaya, darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu aliyekuwepo akacheka nao. Yule mvulana hakusoma tena kwa sauti mpaka alipomaliza shule. "Their laughter put him off English." Kicheko chao kilimkatisha tamaa ya Kiingereza. Sentensi ina maneno sita, na kwa mtoto yule ilikuwa miaka minne.

Put off ya mtu ina tawi jingine dogo, la kumpotezea mtu makini. Kipa anarukaruka kwenye mstari, anapunga mikono, anamsemesha mpigaji penalti. "He's trying to put him off." Fundi anapima kitambaa na wewe unamsimamia begani unahesabu naye, akikuambia "You're putting me off", sogea pembeni, unamchanganya.

Lipo pia tawi la mdai, ambapo mtu na tarehe vinakutana. Umemkopesha mtu, kila ukienda anakuambia Ijumaa, Ijumaa ikifika ni mwisho wa mwezi. "He keeps putting me off." Tunalo neno kamili: anakupiga kalenda. Hapa anayefuata kitenzi ni mtu, na kuahirisha kumo, lakini angalia jinsi uzito ulivyomwangukia mtu. Wewe ndiye unayewekwa kando.

Kutokana na maana hii wametoa sifa, na ndani yake mkia umeruka mbele: "off-putting". Ni kitu kinachomkinaisha mtu, kinachomfanya arudi nyuma. Fomu ya kurasa 14 ni off-putting. Karani asiyeinua uso ni off-putting.

Kuhusu taa nitasema kwa ufupi. Hapa Afrika Mashariki tunasema "put off the light", kwa sababu kuzima kwetu ni kumoja: tunazima moto, taa, redio, simu. Uingereza moto unakuwa "put out", na taa inakuwa "turned off" au "switched off". Ukisema put off the light Dar es Salaam au Nairobi, kila mtu ataelewa na taa itazimwa, na mimi simsahihishi mtu nyumbani kwake. Kwenye mtihani wa kimataifa au ofisi ya wageni tumia turn off.

Kwa nini basi watoto wetu wanaijua "postpone" vizuri kuliko put off? Postpone imetoka Kilatini, ni kuweka baada. Ni neno la barua, la tangazo, la kitabu. Na sisi Kiingereza tumekipokea kupitia kitabu. Tanzania mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza kwa mara moja. Anakutana na "photosynthesis" kabla hajakutana na put off. Maneno makubwa anayakariri kwa sababu yana maana moja, hayahamihami. Yale madogo, ya jikoni na ya barabarani, ambayo ndiyo wenye lugha wanayoyasema kutwa, hakuna somo linalomfundisha. Halafu anakuja kukutana nayo mahali pa hatari: kwenye mkataba, kwenye maelezo ya dawa, kwenye tangazo la ufadhili.

Walimu wenzangu, nawaomba kitu kimoja. Msiandike ubaoni "put off" halafu alama ya usawa halafu "ahirisha". Andikeni sentensi mbili. "They put off the exam." "The exam put him off." Waacheni watoto wazitazame hizo mbili kwa dakika nzima, mtihani ule ule, mkia ule ule, ya kwanza ikiwa imeahirisha mtihani na ya pili ikiwa imemvunja moyo mtoto. Waambieni wazipindue, waweke "it", waweke "me", waziseme kwa sauti. Somo hilo halihitaji kitabu kipya wala umeme. Na kama mna kamusi moja tu shuleni, waonyesheni kwamba put off haipo kwenye herufi O. Iko chini ya put, ndani kabisa, baada ya maana nyingine nyingi, na inabidi mtu ashuke nazo kwa kidole mpaka aifikie.

Yule binti alikifuatilia cheti chake, kikatoka baada ya miezi miwili. Mwaka huu maombi ya ufadhili ule yalipofunguliwa tena aliniletea tangazo jipya, safari hii kwenye simu, na ile sentensi ilikuwa palepale karibu na mwisho, neno kwa neno. Alinisomea mwenyewe, mkazo akauweka kwenye OFF. Alituma maombi siku ya 3 tangu yafunguliwe, na kuna sharti moja bado hajalitimiza. Majibu hayajatoka.

Msikilizaji, huenda na wewe una tangazo ndani ya begi au kwenye simu uliloliacha kwa sababu ya sentensi moja. Litoe usiku huu, ulisome upya, na tarehe ya mwisho uitazame kwanza.